Rupia Aliyoifunga Bosire

Obwocha aliipata ile rupia alipokuwa akichimba shimo la choo katika shamba lake la Nyansiongo, ardhi iliyowahi kulimwa na mzungu. Ilikuwa sarafu ya kale ya fedha. Upande mmoja jua lenye taji, upande wa pili mizani. Kila jioni aliitoa akaitazama iking'aa kiganjani.

Mvua zilipoanza, alimtuma mwanawe Bosire aipeleke mjini Kisii kwa mtu aliyesifika kununua vitu vya kale. Mnunuzi alikuwa safarini. Bosire akamngoja karibu wiki mbili kwa shangazi yake huko Keumbu, na alipokosa kutokea, akarudi nyumbani. Obwocha alipoifungua rupia, aliikuta nyeusi kama sufuria ya kuni. Akasema ile yake imeuzwa na hii ni bandia. Bosire aliapa kwa Biblia. Baba yake akamwambia kwamba mwizi hawezi kulala katika nyumba yake, na Sabato iliyofuata akayarudia hayo mbele ya kanisa.

Bosire alikwenda Nairobi kufanya kazi za mjengo. Kabla mwaka haujaisha, ukuta ulimwangukia. Walimzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba.

Jambo lile lilimnyima usingizi Phanice, mama wa Bosire. Alitaka kujua kama kweli rupia ilibadilishwa. Obwocha alimwambia aikwangue kwa tupa aone ndani kuna nini. Phanice alikataa, ilikuwa kati ya vitu vya mwisho mwanawe alivyovishika. Akaipeleka kwa Subhash, sonara mzee wa mjini Kisii, ikiwa bado katika kipande cha tyubu ya baiskeli alichoifungia Bosire.

Subhash aliishika kwa kingo, asiguse uso wake. Aliijaribu kwa sumaku, haikuvutwa. Akaipima uzito. Kisha akaweka gilasi ya maji juu ya mizani yake ndogo, akaining'iniza rupia majini kwa uzi bila kugusa chini, akapiga hesabu. Alieleza kwamba shaba au risasi ingejifichua hapo, kwa kuwa kila aina ya madini ina uzito wake kwa ukubwa wake. Mwisho akaikagua ukingoni kwa lenzi, akitafuta mshono wa kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Hakuuona.

"Ni halisi, mama," alisema. "Ni fedha ya kweli, na ni ya zamani."

"Haikubadilishwa?"

"Mwizi huacha bandia, mama. Haachi halisi."

Phanice akauliza kwa nini basi ikawa nyeusi. Subhash akakigeuza kile kipande cha tyubu.

"Ni huu mpira. Mpira huifanya fedha iwe nyeusi. Aliyeifunga hakujua. Labda aliogopa isije ikanyeshewa."

Phanice aliketi kwenye benchi la dukani. Subhash alimletea maji, akamsihi asiisugue rupia hiyo, ingawa aliona mama huyu hamsikii tena.

Nyumbani Phanice alimkuta Obwocha akimkatia ng'ombe majani. Akamweleza yote, tangu sumaku hadi mpira. Obwocha akamwomba arudie. Aliporudia, panga lilibaki mkononi mwa mzee bila kukata kitu.

"Alinipigia simu mara mbili akiwa Nairobi," akasema. "Sikupokea."

Phanice akaingia jikoni.

Sabato iliyofuata Obwocha alisimama kanisani kabla ya mahubiri. Alisema kwamba alimwita mwanawe mwizi mbele yao, na kwamba mwanawe hakuiba. Watu waliinamisha vichwa. Mchungaji akaanzisha wimbo, wote wakasimama kuimba, na ulipokwisha wakaketi. Obwocha alibaki wima, kofia kifuani. Phanice, aliyekuwa upande wa akina mama, alimtazama muda mrefu. Kisha akageuza macho dirishani.