Harufu ya Mama Mdogo

Dunia nzima hufukuza inzi. Yeye alilipwa mshahara kuwalisha. Mtaani walimwita Mama Inzi, naye aliitika bila kinyongo. Na inzi wenyewe si hawa wa jalalani, jamani. Ni vile vidogo vinavyorukaruka juu ya ndizi iliyoiva sana. Kila asubuhi pale maabara aliwapikia uji wa unga wa mahindi, hamira na sukari guru, akaumimina kwenye chupa, ukapoa, akatia inzi na kuziba kwa pamba. Kabla ya kugusa chupa yoyote alijipangusa mikono kwa spiriti. Miaka kumi na mmoja ya spiriti! Hata akioga mara mbili, harufu ilikuwa palepale.

Sasa, dada yake mkubwa alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, akaacha binti wa miaka minne. Marehemu alimwita Chiriku, maana mtoto huyo alikuwa hafungi mdomo. Baada ya msiba akaufunga. Wazee wa ukoo wakakaa kikao, wakakata shauri: mtoto akae kwa mama yake mdogo miezi mitatu, na asipomzoea, aende kwa shangazi yake, upande wa baba, safari ya siku mbili. Shangazi hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Lakini Mama Inzi hakujaliwa mtoto, na dada yake alikuwa ndiye huyo mmoja tu. Akimfikiria Chiriku anapanda gari na kibegi chake mgongoni, roho ilimuuma.

Na Chiriku hakutaka kumsogelea. Akipewa chakula na jirani alikula, akiogeshwa na jirani alioga. Mama Inzi akirudi kazini na kunyoosha mikono, mtoto alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukutani.

"Ananichukia," alimwambia Profesa, bosi wake.

"Nani, inzi?"

"Mtoto, bwana!"

Profesa alikuwa ameinamia mrija wa glasi uliogawanyika kama njia panda. Upande mmoja alipitisha harufu, upande wa pili hewa tupu. Inzi wa chupa ya tatu, waliowahi kula sukari huku wakinusa harufu ile, waliikimbilia. Wa chupa ya saba, waliowahi kupigwa shoti ya umeme huku wakiinusa, waliikimbia wote.

"Harufu ileile, pua zilezile," alisema Profesa, kama alivyosema kila wiki. "Kinachotofautiana ni yaliyowakuta."

Mama Inzi alikuwa ameyasikia maneno hayo mpaka yamemchosha masikio. Siku hiyo mwiko ulimdondoka. Hospitali! Chiriku alikaa kando ya kitanda cha mama yake wiki tano, na kila harufu ya spiriti ilipoingia, iliingia na sindano, na mama akagumia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Akainusa mikono yake mwenyewe, akataka kulia.

Mtu mwingine angenunua sabuni kali akatulia. Huyu alikuwa mtu wa inzi, akawaza kama mtu wa inzi. Kwenye sanduku la marehemu kulikuwa na chupa ya mafuta ya nywele yenye harufu ya waridi. Jumamosi akaoga, akajisugua mpaka ngozi ikawasha, akajipaka mafuta yale kichwani na shingoni, akajitanda mtandio wa dada yake. Kisha akaingia chumbani polepole.

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni akicheza na vifuniko vya chupa, mgongo mlangoni. Pua ikainuka kabla ya kichwa. "Mama!" Akageuka akikimbia, akamkumbatia magoti kwa nguvu zake zote. Mama Inzi akambeba. Uzito ule, joto lile, alivitamani tangu siku ya kwanza.

Halafu mtoto akainua macho, akaona uso.

"Siyo wewe! Siyo wewe!"

Alilia mpaka sauti ikakauka, na Mama Inzi akalia naye, akiwa amekaa chini, mtandio umemwanguka. "Nisamehe, mwanangu. Nimekudanganya. Sirudii tena." Njia ya mwongo ni fupi, na yake haikufika hata kitandani.

Jumatatu alimweleza Profesa yote. Mzee hakucheka.

"Wale tuliowapiga shoti mwezi uliopita, tuliwafanya nini baadaye?" aliuliza.

"Niliwapa sukari na harufu ileile. Siku baada ya siku."

"Shoti hawakuisahau. Ila sasa wana kumbukumbu nyingine, imekaa pembeni ya ile."

"Sukari ya mtoto ni ipi?"

"Mimi najua inzi tu, mama."

Jioni ile alirudi na harufu yake yote. Alikaa mlangoni, vigae tisa kutoka kwa mtoto, alivihesabu. "Nanuka spiriti," alisema. "Ni ya kazini. Nawapikia inzi." Hakunyoosha mkono.

Siku ya nne ndipo Chiriku alipofungua mdomo. "Inzi wanapikiwa?"

"Uji."

"Wana vijiko?"

Mama Inzi alicheka mpaka akashika mbavu, na mtoto akasogea vigae viwili aone kinachochekesha. Tangu hapo kila jioni palikuwa na habari za inzi: nani kalewa hamira, nani kagoma kula. Vigae vikabaki vinne, kisha viwili. Siku moja akampeleka maabara. Chiriku akakoroga uji kwa mwiko mrefu kumzidi, akatiwa tone la spiriti kiganjani. "Baridi!" alisema, akacheka. Lakini kubebwa, la. Hapo hakufika.

Zikiwa zimebaki siku nne kutimia ile miezi mitatu ya wazee, mtoto akashikwa na homa. Zahanati, foleni, kitanda chenye mpira mweusi. Muuguzi akafungua chupa ya spiriti, na Mama Inzi akafumba macho. Basi, alijiambia, yote yanamwagika hapa. Kosa langu. Nimempoteza.

Chiriku akakakamaa. Akanusa mara moja, akanusa tena.

"Unanukia kama mama mdogo," alimwambia muuguzi.

Sindano ikaingia, na mtoto akapiga yowe la kutosha kuamsha mtaa. Akageuka, akaitafuta ile mikono miwili ya Mama Inzi, akaifunika usoni pake, akalilia ndani yake, kisha akapanda mapajani.

Mama Inzi akamkumbatia. Machozi yalimtoka mpaka muuguzi akasimama na pamba yake mkononi.

"Jamani," alisema, "kwani aliyechomwa sindano hapa ni nani?"