Dunia Aionavyo Kuku

Watu wa Chikongola, mjini Mtwara, walikuwa na sifa nyingi za kumpa Odete, na zote zilihusu kazi yake. Ukitaka kadi ya harusi isiyochosha macho, nenda kwa Odete. Bango la duka jipya, fulana za mpira, picha ya marehemu iliyosafishwa ikasafishika, vyote kwa Odete. Hakuna aliyesema nenda ukamsalimie. Mtu aliingia dukani, akataja shida yake, akasubiri huku akichezea simu, akachukua chake akaenda. Si kwamba walimchukia. Walimzoea tu, kama mtu anavyoizoea mashine ya kutolea kopi.

Mama yake alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa na mimba yake, akafia upande huu. Mume wa Odete, Orlando, naye alishatangulia, na mtoto hawakujaliwa. Odete aliishi chumba cha nyuma ya duka. Jioni alisonga ugali wa muhogo kwenye sufuria ndogo mpaka mwiko ukakosa pa kugeukia, akala ameikodolea macho kompyuta, apate angalau mwanga wa kutazamana nao. Upweke una njaa yake, na njaa hiyo haishibi ugali.

Mtu mmoja tu ndiye aliyempigia hodi kama mtu anavyompigia mwenzake: Hemedi, mchuuzi wa kuku kutoka Mpapura. Asubuhi, akiwa njiani kwenda sokoni, aliegesha pikipiki mbele ya duka na kupaza sauti, "Hodi hapa, dada Odete! Umeamka salama?" Alikuwa mtu mzima mwenye mvi kidevuni, kofia iliyoshonwa kwa mkono haimtoki kichwani, na alifuata vipande vya turubai vilivyobaki baada ya Odete kukata mabango.

Vipande hivyo vilikuwa na kazi. Kuku wa wachuuzi wote hufikia kivuli kimoja sokoni, na asiyependa ugomvi humfunga kuku wake miguu kwa kitu chake mwenyewe, asije akachanganywa na wa jirani. Huyu kitambaa chekundu, yule kamba ya mkonge. Hemedi alifunga kwa turubai la mabango. Kuku akiuzwa, kipande kiliondoka naye, kwa hiyo kesho yake alihitaji vingine. Odete alimkatia vyembamba vyembamba na kumwekea kwenye mfuko nyuma ya mlango. Akamtilia na chai ya rangi, ambayo Hemedi aliinywa amesimama huku akimpa habari za Mpapura: mikorosho ya nani imetoa maua, nani kachelewa kuipulizia dawa ya salfa, bi harusi gani kakimbilia kwao kabla hata hina haijafutika. Odete alicheka. Mara nyingi kicheko hicho ndicho kilichokuwa sauti yake ya kwanza na ya mwisho kwa siku nzima.

Na muda wote huo, kuku walikuwa wananing'inia. Vichwa chini, miguu juu, mafungu mawili huku na huku ya kiti cha nyuma, na wengine kwenye usukani. Walitoka hivyo Mpapura na kusubiri hivyo mpaka chai iishe. Kila mtu aliwabeba hivyo, na babu zetu waliwabeba hivyo kwenye miti mabegani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, tunasema, wala hatumuulizi kuku.

Asubuhi moja Odete, akiwa ameshika kikombe, aligongana macho na mtetea mmoja wa kijivu. Mdomo wake ulikuwa wazi, ulimi nje, anahema. Jicho lile la mviringo lilimtazama kutoka chini kwenda juu, lisiombe kitu, na moyo wa Odete ukamuuma waziwazi. Alitaka kusema. Neno lilifika kwenye meno. Kisha akafikiri: nikimwambia anatesa viumbe, ataona haya, na mtu mwenye haya hapiti tena mlangoni kwako. Akameza neno lake na kuuliza habari za mikorosho.

Wiki hiyohiyo, kwa namna mambo yanavyokwenda, akaja Jesca. Alikuwa binti wa bara aliyeletwa Mtwara na shirika moja dogo la kutetea wanyama, mwenye haraka na moyo safi. Alitaka bango kubwa la kutundika sokoni, watu waache kubeba kuku kichwa chini. Odete akamchorea kuku anayelia machozi. Jesca akacheka kabla hajajizuia.

"Samahani, mama. Ila hapa watu watadhani tunauza vitunguu."

Odete akacheka naye, lakini kazi ikawa imemwingia. Usiku na mchana alimuwaza yule mtetea. Aligundua kwamba huwezi kumwonyesha mtu kitu anachokiona kila siku; amekwisha kukiona, hana haja tena. Inabidi umgeuzie. Basi asubuhi iliyofuata akamwambia Hemedi, "Kaka, hebu nikupige picha na pikipiki yako. Imependeza leo."

Hemedi akaweka kofia vizuri, akavuta tumbo ndani. "Ya nini, dada? Unanitafutia nchumba?"

"Nitakutafutia," Odete akajibu, wakacheka wote wawili, na picha ikapigwa.

Alichokifanya na ile picha kilikuwa kitu cha akili, na tumpe haki yake. Aliigeuza juu chini. Pikipiki ikawa juu, magurudumu hewani, barabara ikawa dari, na kuku peke yao ndio waliosimama wima, wanamtazama mtazamaji usoni, sawa kwa sawa. Hapo chini akaandika: HIVI NDIVYO TUNAVYOKUJA SOKONI. Kisha akamficha Hemedi. Alifuta uso na kofia, akabadilisha rangi ya shati, akaondoa namba ya pikipiki. Alimfuta kwa upole, kidogo kidogo, na alipomaliza alijiambia kwamba hata mama aliyemzaa hawezi kumtambua. Nafsi ikatulia, maana hakuna ajuaye kujidanganya kama mtu mpweke anayeogopa kupoteza.

Bango lilipofika sokoni lilianza kwa vichekesho. Fundi aliyetumwa kulitundika aliliona limekosewa, akaligeuza "vizuri": pikipiki chini, kuku wananing'inia kama kawaida, maandishi ndiyo yamesimama kwa vichwa. Watu wakapinda shingo kusoma. Jesca akaja mbio, akamshusha fundi, akamrudisha juu. Likageuzwa. Na baada ya kicheko kile, watu walipolitazama upya, soko la kuku likapungua sauti. Kina mama waliacha kuchambua dagaa. Mzee mmoja alisogea karibu na wale kuku wakubwa kuliko yeye, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe wanatuona." Odete alikuwa amesimama nyuma ya mabanda na alisikia. Furaha ilimpanda mpaka akashika nguzo.

Ndipo Mwajuma, mwanamke aliyeuza kuku jirani na Hemedi, akapaza sauti, "Jamani, tazameni miguuni! Kamba za turubai hizo! Si za Hemedi hizo?"

Zilikuwa za Hemedi. Zilionekana bayana kabisa, zimekuzwa mara nyingi, nyekundu na njano, na kipande kimoja kikiwa bado na nusu ya herufi ambayo Odete mwenyewe aliichora. Alifuta kila kitu, akaviacha vile vipande, kwa kuwa vilipita mikononi mwake kila asubuhi mpaka macho yake yakaacha kuviona. Fundi wa macho ya watu, na jicho lake mwenyewe likawa limelala.

Soko la Chikongola halina dogo. Kabla ya adhuhuri Hemedi alikuwa ameshapewa jina: Mnyongaji. Kina mama walimuuliza kama wageni wake wamelala salama. Vijana wa bodaboda walimpita wakiinamisha vichwa na kutoa ndimi. Wengine waliocheka sana walikuwa na kuku wao wananing'inia vilevile, lakini kuku wao hawakuwa bangoni. Hemedi alisimama akalitazama bango kwa muda mrefu. Alifungua kuku wake mmoja mmoja, akawaweka chini.

Kesho yake Odete alifungua duka mapema. Alikata vipande, akachemsha maji. Pikipiki nyingi zilipita. Alipiga simu ikaita mpaka ikachoka. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine, na wateja wakaja na kadi zao, wakachezea simu zao, wakaenda. Jioni moja alipofunga mlango alitambua kwamba tangu asubuhi hakuwa ametamka chochote zaidi ya "subiri kidogo" na "kurasa ngapi?" Akakaa kitandani akalia, bila kujificha, maana alikuwa amfiche nani?

Jumamosi alijikaza, akajitanda kanga, akaenda sokoni. Alimkuta Hemedi amechuchumaa kando ya matenga mawili mapya ya fito, yamesukwa vizuri, na kuku wamekaa ndani kama abiria waliolipa nauli. Hawakuwa na kamba miguuni. Matenga yalikuwa yake peke yake, nani tena angechanganya kuku.

"Kaka Hemedi, shikamoo," alisema, ingawa hawakuwa na desturi ya kupeana shikamoo. Ni aibu iliyomfanya asalimie hivyo.

"Marahaba." Akasogeza tenga kumpisha. "Karibu."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuficha, wallahi nilikuficha. Zile kamba ndizo nilizisahau."

"Bango halina kosa, dada. Bango ni la kweli. Nimewatia kwenye tenga, hata njiani hawafi tena wawili watatu kama zamani. Nimeona mwenyewe." Alizungumza bila hasira, na hilo ndilo lilimtisha Odete. "Mimi sina ugomvi na kuku."

"Basi mbona huji tena?"

Hemedi alitazama mikono yake. "Kila asubuhi nasimama mlangoni kwako na wale kuku. Nakunywa chai yako, tunacheka. Kumbe wewe unaona. Moyoni unasema, huyu ntu hana huruma. Mimi hukuniambia. Ukaenda kuwaambia nji nzima, mimi ukaniambia nimependeza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa hutakuja tena. Nilidhani nikikuudhi, vipande utavipata kwa mwingine."

Hemedi akainua uso, na kwa mara ya kwanza akaonekana ameumia. "Vipande? Dada Odete, Mpapura ukindu wa kusokotea kamba umejaa, watoto wanauchezea. Kamba za kufungia kuku nizikose mimi? Tangu mama watoto afariki, nyumba yangu nikikohoa, hakuna wa kuniambia pole. Wewe ndiye ulikuwa ntu wangu nnjini hapa. Mimi nilikuwa nakuja kwako."

Mteja akaja kuuliza bei ya jogoo, Hemedi akageuka kumhudumia, na alipomaliza alianza kuwanywesha kuku maji kwenye kopo. Odete alisubiri kidogo, kisha akaondoka.

Jesca alikuja dukani wiki ile akiwa na furaha tele. Matenga yameenea, alisema, hata wachuuzi wa Mikindani wameanza kuyatafuta, na wakubwa wake wanataka bango jingine, la mbuzi wanaofungwa juu ya maroli ya korosho yanayokwenda bandarini. "Una kipaji, mama. Unajua kuwafikia watu." Odete alimshukuru, akampa kiti. Jesca hakukaa, alikuwa na kikao.

Hemedi anapita bado. Barabara ya kwenda sokoni ni hiyohiyo, na yeye si mtu wa kununa na barabara. Odete huitambua pikipiki yake tangu haijakata kona, akatoka na kusimama mlangoni. Matenga yako nyuma, vichwa vya kuku vimechungulia kati ya fito, vinatazama mji. Hemedi hupiga honi mara moja na kuinua mkono, kama unavyomwinulia mkono mtu yeyote unayemfahamu kwa sura. Hapunguzi mwendo.

Leo alipopita, Odete alisema kwa sauti, "Kaka Hemedi, kuku wanaumia. Wafungue kwanza, halafu ingia ndani ukae." Lile neno alilolimeza asubuhi ya yule mtetea alilisema lote, polepole, kwa upole ambao ungeweza kusikilizwa na mtu yeyote. Pikipiki ilikuwa imeshafika mbali, na mteja aliyekuwa nyuma yake akauliza kama kadi za harusi ziko tayari.