Kurasa Arobaini na Tatu za Mwalimu Edith

Jedidah alipokabidhiwa usimamizi wa wiki ya maneno ya Kidawida, kamusi ya mtandaoni ya lugha ya Wataita inayoandikwa na wachangiaji wengi, ilikuwa na kurasa elfu tatu na fujo tupu. Neno moja lilikuwa na kurasa nne. Picha za ng'ombe zilikaa kwenye majina ya miti. Akiwa nyumbani kwake Kaloleni, mjini Voi, alianza kusafisha. Aliunganisha, akahamisha, akafuta. Wachangiaji wenzake walimsifu kwenye grupu ya WhatsApp, na sifa zikamlevya.

Jumamosi moja alifuta kurasa arobaini na tatu za mama mmoja wa Werugha, Mwalimu Edith, mstaafu. Hazikuonyesha zimetoka wapi, na zilijaa makosa ya kuchapa. Hakumwandikia hata salamu. Baada ya siku mbili swali likatokea kwenye wiki: "Maneno yangu yameenda wapi?" Jedidah alilisoma, akalipita. Mwalimu hakuandika tena.

Miezi mitano ikapita. Siku moja Jedidah alitafuta neno la zamani la kilimo, na kila aliyemuuliza alimwambia, "Hilo wanalo watu wa Werugha." Hapo akakumbuka: alikuwa amelifuta mwenyewe. Uso ulimwaka, ingawa alikuwa peke yake. Kesho yake akapanda milimani hadi Werugha.

Alimkuta Mwalimu Edith akipalilia kabichi. Alikaribishwa chai ya maziwa kabla hata hajaulizwa jina.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyefuta kurasa zako," Jedidah alisema. "Swali lako nililiona. Nikanyamaza."

Edith aliweka kikombe chini. "Kumbe! Mimi nilidhani nimebonyeza vibaya, nikaharibu kazi ya watu. Niliona haya hata kushika simu."

"Nisamehe. Naweza kuzirudisha zote sasa hivi."

"Zirudishe, mwanangu. Lakini maneno yale nilikuwa napewa na dada yangu, Mghoi. Alikuwa na mengine mengi. Mwezi uliopita alipigwa na kiharusi. Hawezi kusema."

Jedidah alitoa simu mfukoni.

Alizirudisha pale pale kwa simu, na kwenye orodha ya mabadiliko akaandika jina lake kamili na kosa lake. Edith alivaa miwani, akasoma polepole.

"Hapa umeruka herufi," akasema.

Jedidah akasahihisha. Kisha akaomba kumsalimia Mghoi. Bibi alikuwa kitandani, macho mazima kabisa, akimtazama. Jedidah alimshika mkono, akamsalimia.