Kifaru cha Pima Tano

Kila mwaka, kuanzia Desemba mpaka Februari kuisha, ziwa linafungwa. Samaki wanaachiwa wazae, na watu wanaachiwa wajionee wenyewe watakula nini. Walioandika tangazo la kulifunga hawakosi mshahara hata siku moja, na hilo halijasahaulika kando ya Mweru. Miezi hiyo wengine hulima mihogo, wengine hushona nyavu, wengine hulewa. Emilienne, ambaye ziwa likiwa wazi huuza samaki wa moshi sokoni Kashikishi, hutengeneza vifaru.

Vifaru vya vita, vile ambavyo kwao Kongo huitwa char, na vikiwa vingi bichar, ila vyake vinatosha juu ya sinia. Cha mwaka huu kilikuwa cha nne, na kiliwapita wenzake wote. Mwili ulitoka kwenye makopo ya nyanya. Minyororo ya kutembelea ilikuwa zipu mbili za jaketi, magurudumu yalikatwa kwenye soli ya patapata iliyokatika ukanda, kichwa kilikuwa nusu ya boya la wavu, na mzinga ulikuwa bomba la kalamu. Kutu hakuichora. Alisaga ndoana zilizooza, akauchuja unga wake kwa kitenge, akaunyunyiza wakati rangi ingali mbichi.

Rangi yenyewe ilikuwa ya mitumbwi, na Februari pale Nchelenge rangi haikauki, mvua haiipi nafasi. Basi akakiweka kifaru juu ya uchaga wa kukaushia samaki, akawasha moto mdogo chini, tena kwa uangalifu zaidi kuliko anavyowaangalia samaki wenyewe. Kikakauka vizuri sana. Kikanukia pia, na paka watatu wa jirani wakahamia mlangoni kwake.

Mwenzake katika ugonjwa huo alikuwa Ba Royd, Ba ya heshima kwa wakubwa, fundi mstaafu wa malori ya jeshi, ambaye binti yake humtumia vifaru vya plastiki kutoka Lusaka, vimo vipandevipande ndani ya boksi. Jumapili baada ya kanisa walikaa barazani kwa mzee huyo na kutukaniana kazi. Ba Royd alisema vya Emilienne vingefaa kuliwa na nshima, ugali wa huku. Emilienne alisema vya mzee vilizaliwa ndani ya boksi na karatasi ya maelekezo mkononi, na kufuata namba moja mbili tatu hata mtoto wa chekechea anaweza. Walipendana sana.

Ba Royd ndiye aliyemfundisha kipimo. Moja kwa thelathini na tano: kila sentimita thelathini na tano za kitu cha kweli zinakuwa sentimita moja mezani. Ukishaandika hivyo kwenye kadi, umeapa. Gurudumu linatii, mzinga unatii, hata askari wanaosimama kando wanatii.

Vipimo vya kifaru cha kweli Emilienne hakuvitafuta kwenye kitabu. Alikuwa navyo. Mwaka wa vita ya Pweto alikuwa na miaka kumi, na kabla familia yake haijavuka kuja upande huu wa ziwa, kifaru kimoja kiliachwa kimekufa kando ya barabara ya kijijini kwao. Watu wazima walikizungukia mbali. Yeye na binamu yake, watoto wa watu wa nyavu, walikipima kama nyavu zinavyopimwa: mikono imenyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, pima moja. Mwili wake ulikuwa pima tano kasoro kiganja. Waliokituma kifaru kile wamekwisha sahau, wamezeeka vizuri, na ukiwauliza watakusimulia mikutano ya amani waliyohudhuria. Emilienne alibaki na hesabu.

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, maonyesho ya ufundi yaliyofanyika katika ukumbi wa kanisa moja yaliweka meza ya vitu vidogo vinavyoiga vikubwa. Meza ya Mafundi, ndivyo ilivyoandikwa. Zawadi ilikuwa debe la rangi. Emilienne aliihitaji rangi, lakini hicho sicho kilichomnyima usingizi. Alitaka kifaru chake kiwekwe pale, katikati ya vya wengine, na mtu mwenye rula akiinamie akitafute makosa.

Asubuhi ya maonyesho alikiacha kwa mtu wa mlangoni akaenda kunawa miguu matope. Aliporudi ukumbini, kwenye Meza ya Mafundi hakukuwa na kitu chake. Alikikuta upande wa pili, chini ya dirisha, kati ya michoro ya nyumba zinazoungua. Meza ya Uponyaji. Kadi yake ya kipimo ilikuwa imeegemezwa nyuma, na mbele yake kadi mpya: "Mwanamke mkimbizi anaponya vidonda vya vita."

Miaka ishirini na minne amekaa ufuko huu. Amezaa watoto watatu hapa, amelipia meza ya soko hapa. Kwa watu wa fomu, alikuwa amefika jana.

Aliyeandika kadi alikuwa Madame Stéphanie, wa shirika moja, mwenyeji wa Lubumbashi, viatu vyake safi ajabu kwa mwezi ule. Hakuwa mtu mbaya. Alimshika Emilienne mkono kwa mikono miwili na kumweleza kwamba mkono hujenga kile ambacho moyo hauwezi kusema, kwamba wafadhili wangeguswa, na kwamba meza hii ilikuwa na zawadi ya cherehani na safari ya Lusaka.

"Madame," Emilienne alisema, "miye siko mugonjwa. Napendaka tu kutengeneza bichar."

"Maman, hata kupenda kuko na sababu yake."

"Na Ba Royd? Yeye anatengeneza kumi kwa mwaka. Mulishamuuliza anaumwa wapi?"

Ba Royd, aliyekuwa akipuliza vumbi kwenye kifaru chake upande wa pili, alisema anaumwa mgongo, lakini tangu zamani.

Watu wakacheka, na kicheko kikamleta mwamuzi. Ba Mubanga alifundisha uchoraji wa kiufundi miaka thelathini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia samaki, ila alisikiliza pande zote mbili mpaka mwisho. Kisha akasema sheria yake ni fupi. Meza ya Mafundi ni ya kitu kinachotii kadi yake. Akatoa rula.

Akapima mwili wa kifaru: sentimita ishirini na mbili na nusu, na kidogo. Akapima askari wawili wa waya na nta waliosimama kando: tano kasoro kidogo kila mmoja. Akaandika. Akanusa kifaru, akamtazama Emilienne, akanusa tena. Akamwomba Ba Royd karatasi ya boksi lake, kwa kuwa chake kilikuwa kifaru cha aina ileile, akasoma na kupiga hesabu ukingoni mwa karatasi.

"Bana Kabaso," alisema, akimwita kwa jina la kifungua mimba wake, "kwa kadi yako, hii ingekuwa kumi na nane na nusu. Ni kubwa. Lakini baaskari ni sawa na kadi. Basi ukibaweka kando ya gari, banakuwa badogo. Ni batoto ba miaka kumi, mukwai," akamalizia kwa neno la adabu.

Kalamu ya Madame Stéphanie ikaamka. Aliandika haraka, macho yamelowa kabisa. Watoto askari, alisema. Mwanamke huyu alikuwa ametuonyesha watoto askari bila kujua mwenyewe.

Ba Mubanga alikuna kidevu. Alieleza kwamba kama jambo lile lilikusudiwa, si kosa, ni maana, na maana yeye hana rula ya kuipimia; kifaru kingebaki hapa chini ya dirisha kwa heshima zote. Kama ni kosa, ni kosa, na kosa la kipimo linakula alama kumi. Emilienne aseme mwenyewe.

Emilienne aliwatazama askari wake, na kweli, walisimama kando ya kile chuma kama watoto waliokatazwa kukigusa. Cherehani ingekuwa nzuri. Picha ingepigwa. Hakuna ambaye angejua. Ndipo akakumbuka Desemba, barazani kwa Ba Royd, futi kamba ya mzee ikipita juu ya mabega yake, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole: mita moja na sentimita sitini. Siku ile alizidisha mara tano, akatoa kiganja, akafurahi kwa usahihi wake. Mikono ya mwanamke wa miaka thelathini na minne.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Nyuma ya aibu kikaja kicheko, nacho hakukiweza.

"Ni kosa," alisema alipopata pumzi. "Kosa langu mwenyewe. Ile char nilipimaka na mikono ya mutoto. Hesabu nikafanya na hii mikono ya sasa. Madame, futa kwa karatasi yako. Hakuna maana hapa. Ni mutu alikosea hesabu."

Madame Stéphanie alisema polepole kwamba hata hilo lilikuwa zuri sana. Emilienne akamwambia zuri au baya, aliandike katika kadi ya mtu mwingine.

"Kumbe ilikuwa kadogo hivi," akaongeza, akikiangalia kile cha Ba Royd. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba kichwani kifaru kikubwa kuliko kile kilichokuwepo, wala hakuna aliyemwambia apunguze.

Ba Mubanga alikata alama kumi palepale, mbele ya watu, kwa wino. Kisha akakiinua kifaru yeye mwenyewe, askari mfukoni, akakivusha ukumbi mzima na kukiweka kwenye Meza ya Mafundi.

Kilikuwa cha tatu kati ya vinne. Cha nne kilikuwa helikopta iliyodondosha panga lake kabla ya kupimwa. Debe la rangi alilichukua Ba Royd, akalizungusha ukumbini kwa fahari ya kuudhi, huku akitangaza kwamba mwanafunzi wake amefeli kwa heshima.

Emilienne hakumsikia. Alikuwa amekaa kwenye benchi na karatasi ya mwamuzi, akiisoma kama barua ya posa. Makosa saba, yamepangwa kwa namba, kila moja na alama zake. Minyororo imelegea mno upande wa kushoto: kweli. Mshono wa kichwa unaonekana: kweli, alikuwa na haraka. Alisoma, akaitikia kwa kichwa, akafika la tano, akasimama.

Ba Mubanga alikuwa tayari amevaa koti la mvua.

"Ba Mubanga, mukwai," alisema, akimzibia mlango kwa adabu, "mumeandika taa ya mbele iko upande mubaya."

"Kitabu kinasema hivyo."

"Kitabu kilikuwa Pweto?"

Mwamuzi akatazama mvua, akamtazama yeye. Akavua koti, akavuta benchi, akamwambia akae chini achore.