Nyumba Isiyokaguliwa

Wendell Hrycak alinunua nyumba kwa dakika kumi na tano, muda mfupi kuliko anaoutumia kuchagua buti za kazi. Ndivyo nyumba zilivyouzwa mjini Oshawa mwaka ule. Watu wanapanga foleni mlangoni, kila mmoja anapandisha juu ya bei iliyotajwa, na anayetaka kushinda anafuta sharti la ukaguzi, lile linalomruhusu mnunuzi kujitoa nyumba ikikutwa na kasoro. Dalali alimwambia kwamba mwenye nyumba hapendi wateja wenye masharti. Wendell akafuta. Mkewe Noreen alipomkazia macho, alisema nyumba iliyosimama tangu mwaka sitini na tisa haitaanguka leo.

Zikiwa zimebaki siku nane wakabidhiwe funguo, kampuni ya bima ikauliza swali moja: nyaya za umeme ni za shaba au za alumini? Bila bima benki haitoi mkopo. Bila mkopo hakuna nyumba, na malipo ya awali, akiba yao ya miaka kumi na moja, yanabaki kwa muuzaji.

Wendell akampigia Lorne, kaka yake Noreen, fundi umeme mwenye leseni. Wakaruhusiwa kuingia kutazama. Lorne alizima umeme, akafungua soketi ya jikoni na kuvuta waya nje. Ulikuwa mweupe kama bati, ncha imeungua, plastiki yake imeyeyuka.

"Alumini," akasema. "Ikipata moto inatanuka, ikipoa inasinyaa, skrubu inalegea kidogo kidogo. Halafu mtu kaja kufunga soketi za nyaya za shaba. Fundi wa Jumamosi huyu, bia mkononi."

"Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka. Kila soketi, kila swichi, kila taa. Na hizo mbao alizofunikia dari ya chumba cha chini zote zing'olewe, nyaya zifikiwe. Wiki tatu, nikipata watu."

"Nina siku nane, shemeji."

"Najua kuhesabu."

"Basi niandikie cheti kwamba iko salama. Tukishaingia utatengeneza taratibu."

Lorne alimwonyesha ile ncha nyeusi. "Nikisaini halafu mkaungua humu, dada yangu nitamzika mimi?"

"Haiwezi kuungua ndani ya wiki tatu."

"Kaiambie hii soketi."

"Nimekuezekea paa lako, Lorne. Sikukudai hata kahawa."

"Uliniezekea, sikatai. Lakini siku ya kusaini hukunipigia. Ningekuja na bisibisi, dakika tano tungekuwa tumejua. Ulitaka kushinda, umeshinda."

Wendell akamwambia abebe vyuma vyake atoke. Lorne aliirudishia soketi kwanza, akakaza skrubu zote mbili, ndipo akaondoka. Hawajaongea tena.

Kampuni nne za bima zilikataa. Ya tano ilitaka cheti. Wakaomba waongezewe wiki tatu. Wakili wa muuzaji akajibu kwa neno moja, hapana. Siku zikaisha, nyumba ikarudi sokoni na akiba ikabaki huko huko. Noreen hakugomba. Alifungua maboksi yaliyokwisha kufungwa, akarudisha vyombo kabatini kimoja kimoja.

Jumamosi nyumba ilipofunguliwa kwa wateja, Wendell alikwenda. Foleni ilifika barabarani. Akamsogelea kijana mmoja aliyesimama na mkewe.

"Humo ndani nyaya ni za alumini. Soketi ya jikoni imeshaungua. Msifute ukaguzi."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa nainunua mimi."

"Na leo umefuata nini?"

Wendell akaitazama nyumba.

"Achana naye," mke akasema. "Anataka tukimbie aipate kwa bei ya kutupa. Kwenye kila nyumba hawakosekani wa hivi."

"Mzee, panga foleni kama wenzako," kijana akamwambia, watu wakacheka.

Dalali yule yule akafungua mlango, nao wakaingia mbio. Wendell alibaki kwenye majani na hasira yake, na hakuwa na wa kumpelekea. Maneno ya kijana yalikuwa maneno yake mwenyewe. Mwezi mmoja kabla, angemjibu mtu vile vile, tena na tusi juu.