Askari wa Mwilini mwa Konsolata

Huyu Gidahosh wa chini ya Mlima Hanang, ng'ombe alikuwa anawajua, hakuna wa kumbishia. Sasa mke wake Konsolata akashikwa na saratani ya titi. Wakamkata, ikarudi. Hospitali kubwa huko mjini wakamtundikia dripu ya dawa mpya. Daktari, binti mdogo lakini ana heshima zake, akawaeleza: "Mzee, dawa hii haipigi saratani yenyewe. Inaamsha askari waliomo mwilini mwa mama, ndio wanaopiga. Ila akiharisha mlete haraka. Hao wakichachamaa wanapiga hata wasiohusika."

Gidahosh akaitikia, lakini moyoni akasema, hii naijua, ni kama chanjo ya ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Ndama ukimchanja anachemka homa, matezi yanavimba, nyasi hataki. Mfugaji mjinga anakimbilia sindano ya kutuliza homa, chanjo inaharibika. Mwenye akili anamwacha apigane.

Na kweli, uvimbe ukanywea. Halafu Konsolata akaanza kuharisha, mwisho ikawa damu tupu.

"Baba Yoakimu," akamwambia mumewe, "nipeleke hospitali."

"Tulia, mama. Askari wako kazini."

Mdogo wake Konsolata, Festo, akaja na pikipiki. "Shikamoo shemeji, nimemfuata dada." Akainama kumnyanyua. Gidahosh akaona chanjo inaharibiwa, akashusha rungu. Mkono ukavunjika kama kuni kavu. La pili likampata mdomoni, meno yakamwagika vumbini. Festo akatambaa nje ya boma anapiga yowe.

Wanawake wakasikia. Kwa Wadatoga, mwanamume akimtesa mke, akina mama wanakaa baraza lao wenyewe, na mbele yao mwanamume hainui mkono. Wakaja na fimbo, wametanguliwa na mama Gidamis, bibi aliyempokea Gidahosh siku anazaliwa.

"Shikamoo mama," akasema, rungu bado linadondosha damu.

"Kaa nayo shikamoo yako. Toa fahali mweusi, ndiyo faini yako."

Wakamzunguka yule fahali, wakampiga. Fahali wa faini hachinjwi kwa kisu, ni fimbo tu mpaka afe. Jicho likatoka, pembe ikang'oka, akapiga magoti anakoroma damu, na wao wanaimba na kupiga. Gidahosh machozi yakamtoka.

"Mama, fahali amekosa nini?"

"Na utumbo wa mkeo umekosa nini?"

Hapo ndipo neno la daktari, kwamba askari wanapiga hata wasiohusika, lilipomwingia. Akatupa rungu, akambeba Konsolata mgongoni mpaka barabarani, damu inamtiririkia miguuni, akasimama katikati ya njia mpaka basi la kwenda hospitali ya Haydom likafunga breki.

Huko hospitalini wakampigia simu yule binti daktari, wakampa Konsolata dawa ya kuwatuliza askari. Ilikuwa bado kidogo utumbo utoboke. Alipopata nguvu akauliza, "Festo?"

"Wodi ya wanaume. Wamemfunga plasta."

"Na baraza walichukua nini?"

"Fahali. Yule mweusi."

Konsolata akamwangalia.

"Wangempiga na mwenzake wa miguu miwili," akasema.

Gidahosh akaendelea kumshikia kikombe cha uji.