Ndege ya Kismayu

Mwaka ule nilipofanya kazi ya utafiti, kiwanja cha ndege cha Garissa kilikuwa na mbuzi wengi kuliko abiria. Hilo halikunizuia kuota. Nilikuwa nikienda pale adhuhuri, jua likiwa utosini, nasimama kando ya uzio na kuitazama njia ya kurukia ikitetemeka kwa joto hadi ikafanana na maji. Nikitazama kwa muda, ndege zilianza kuja. Moja ilitoka Jeddah imejaa mahujaji wanaorudi na madumu yao ya zamzam. Nyingine ilielekea Dubai na nyama ya mbuzi na maziwa ya ngamia. Mwishowe ilikuja ile yangu, ndogo, ya viti kumi na tisa, inayokwenda Kismayu. Kwenye kiti cha dirishani nilimweka mama yangu.

Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imetuajiri vijana wanane tuzunguke na fomu. Tuliwauliza watu hivi: kiwanja kikirefushwa, ndege za nchi za nje zikaanza kutua hapa, utapanda? Utakwenda wapi? Kwa shughuli gani? Mkuu wetu alikuwa Issack, mtu wa Wajir, mpole, mwenye imani na asilimia kama wengine walivyo na imani na dawa. Orodha yake ya safari ilikuja na Mogadishu, Jeddah, Dubai na Addis Ababa. Nilimsumbua siku tatu mpaka akaongeza Kismayu. Sikumwambia ni kwa nini, na yeye hakuniuliza, maana alitaka kwenda kula.

Sababu yangu ilikuwa Ramlo, mdogo wake mama. Sisi Wasomali mama mdogo tunamwita habaryar. Huyu wangu sikuwahi kumwona. Anaishi Kismayu, ng'ambo ya mpaka wa Somalia, na yeye na mama walikuwa hawajaonana kwa miaka thelathini na sita. Kila Ijumaa mwanawe Yahye alinipigia simu. Ugonjwa wa sukari ulishamchukua habaryar mguu mmoja, sasa ulikuwa unayafuata macho. "Anamuuliza mama yako Timiro," Yahye aliniambia kila mara. "Anasema anataka kumwona kabla macho hayajazima."

Nikimfikishia mama maneno hayo, alikuwa na majibu tayari. Mpaka umefungwa. Barabara ina watu wabaya. Kwa ndege ni mpaka uende Nairobi, kisha Mogadishu, ndipo ushike ya Kismayu, na mifupa yake haiwezi mizunguko hiyo. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo maana sikuweza kubishana naye. Simu alikataa kuishika. "Mwambie namsalimia," alisema, kisha akainuka kutafuta kitu jikoni ambacho hakikupotea. Mimi nilidhani ni huzuni. Nikajiambia kwamba mtu wa namna hii haombwi, analetewa ndege mlangoni.

Basi nikauliza watu kwa bidii ambayo wenzangu waliicheka. Ijara nilimkuta mzee Bare akichunga, akasikiliza maswali yote kumi bila kupepesa. Hakutaka hija wala Dubai. "Mimi iko sawa hapa," alisema. "Lakini mbuzi yangu ipande. Mwezi ya Arafa, Saudia inataka mbuzi sana. Andika mbuzi mia mbili, kiti ya dirisha hapana lazima." Niliandika. Sangailu, karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake ng'ambo ya mpaka, na karibu kila mmoja alinijibu Kismayu. Kalamu yangu ilikimbia. Jioni ile, nikiwa nyuma ya gari la kazi na fomu mapajani, niliota tena, nikauona mto Tana kutoka juu, umejikunja kama kamba iliyotupwa uani, nikamwona mama akiweka paji la uso kwenye kioo na kuuliza kama ule weupe kule ni bahari.

Dagahaley, kambi ya wakimbizi, ndiko nilikopungukiwa na maneno. Roda ana duka dogo la sabuni na vocha hapo kambini, na alizaliwa humo humo. Alichagua Addis Ababa kwa sababu jina lake ni tamu. Nikamuuliza, kama fomu inavyodai, tiketi ya kwenda na kurudi au ya kwenda tu. Alicheka kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwalimu. "Dada, mimi kufika Garissa tu naomba ruhusa. Nikisema kurudi, nirudi wapi? Weka alama unapopenda." Niliacha mahali pale wazi, na Issack alinigombeza.

Mwisho wa mwezi alitukusanya ofisini. Alifurahi. Wahitaji wapo, alisema, tena wengi. Na Kismayu, ambayo hata hakuwa ameiweka, imeshika nafasi ya pili. Kisha akafungua ukurasa mwingine. Njia ya kurukia lazima irefushwe, jengo la uhamiaji na forodha lijengwe, zimamoto waajiriwe, halafu serikali mbili zikae na kukubaliana. "Miaka saba," alisema, huku akitabasamu. "Mambo yakienda vizuri, inshallah."

Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani nikiwa nimekasirika na kila kitu, hata na mbuzi waliokuwa njiani. Mama alikuwa uani, ametoka kuswali alasiri, ameketi juu ya mkeka. Aliiona fomu moja iliyobaki kwenye mkoba wangu.

"Umeuliza Garissa yote na Ijara yote," alisema kwa Kisomali. "Mimi hujaniuliza."

"Hooyo, wewe nakujua. Na jamaa za wafanyakazi hawaruhusiwi."

"Niulize kama watu wengine."

Niliitoa, nusu kwa mzaha, nikaanza kumsomea kwa Kisomali. Akanyoosha mkono kunizuia.

"Hiyo karatasi ni ya Kiswahili. Uliza na Kiswahili."

Inabidi nieleze kwamba mama yangu hakuwahi kuzungumza nami kwa Kiswahili maishani mwangu. Kiswahili chake ni cha sokoni, anakouza maziwa. Anawapa wateja na askari, na v zake zote huwa f. Alikaa wima, akavuta shungi, akanitazama kama vile nimebisha hodi kwake kwa mara ya kwanza.

"Leo mimi si mama yako," alisema. "Mimi ni raia. Uliza."

Nikauliza jina, akanitajia kamili mpaka babu wa babu. Nikauliza kazi, akasema maziwa. Nikauliza angependa kwenda wapi.

"Kismayu."

Nikamsomea sababu za safari kama zilivyopangwa: biashara, matibabu, ibada, kutembelea jamaa, nyingine. Kalamu ilikuwa imeshafika kwenye jamaa.

"Nyingine," alisema.

"Nyingine gani?"

"Kuomba msamaha. Andika hifyo."

Sikuandika. Nilimtazama, na yeye hakunitazama. Alikuwa anaiangalia fomu, na alizungumza nayo.

"Mzee moja ya Kismayu alileta ngamia kwa baba yangu. Hiyo ngamia ilikuwa mahari ya mimi. Baba yangu alichukua. Lakini mimi nilitaka baba yako. Asubuhi moja, kabla watu kukamua, nikatoroka na yeye, tukakuja Garissa. Sasa ngamia imechukuliwa, na msichana hakuna. Wakapeana Ramlo. Alikuwa na miaka kumi na sita. Yeye hakufanya kitu. Alikuwa amelala tu."

Niliona aibu, kisha hasira, kisha woga ambao sikuutarajia. Kama asingetoroka asubuhi ile, kusingekuwa na mimi wa kumuuliza maswali. Nilikuwa nimekaa pale na kalamu yangu, nikiwa sehemu ya kosa lenyewe, na nilimpenda mama wakati ule mpaka kifua kikauma.

"Mpaka ikifungwa, mimi nashukuru Mungu," aliendelea. "Barabara ikiharibika, nashukuru. Nikisema siwezi kufika, watu wanasema maskini Timiro. Halafu wewe unaleta ndege. Unaongea ndege, ndege, kila siku. Mimi silali."

Jogoo wa jirani alipita uani, akatutazama, akaenda zake. Mama alinyoosha kidole kwenye karatasi. "Iko swali ingine?"

Lilikuwa limebaki moja: ungeanza kusafiri lini?

"Hiyo ndege iko lini?" aliniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Nilishazoea kumwota yuko angani. Mwaka mmoja au miwili ingetoka mdomoni kirahisi. "Miaka saba," nikasema. "Labda."

Midomo yake ilikuwa inatembea, sijui ni dua au hesabu. "Ramlo hana saba," alisema. Kisha akanyanyua fomu kutoka mapajani mwangu, akaiweka kando kwenye mkeka, na akarudi kwenye Kisomali, kwenye sauti ninayoijua. "Mpigie Yahye."

Nilipiga. Yahye alishtuka kwa kuwa haikuwa Ijumaa. Nikamwambia ampelekee habaryar simu, na nikasikia mlango, kikohozi, kitanda kikilia. Nikaweka sauti ya juu na kumpa mama. Aliishika kwa mikono miwili.

"Ramlo," alisema. "Ni mimi, Timiro."

Upande wa pili tulisikia pumzi tu, nzito, za mtu mgonjwa.

"Ramlo, nisamehe. Nilikuacha umelala."

"Sikuwa nimelala," ikajibu sauti ile, ndogo, iliyokauka, inayofanana na ya mama hata nikasisimka. "Nilikuona unachukua viatu mkononi. Nilikuona unanifunika. Nilijua watanipa mimi. Nikafumba macho ili usigeuke."

Machozi yalimshuka mama bila yeye kuyafuta. Miaka thelathini na sita alikuwa ameubeba usingizi wa dada yake, na usingizi haukuwepo.

"Timiro, uko wapi?" sauti iliuliza. "Bado upo?"

"Nipo."

"Basi njoo. Macho haya yamebakiza kidogo."

Mama alifunika simu kwa kiganja, akanigeukia. Nilifikiri atanipa nizungumze kwa niaba yake, kama kawaida.

"Gari la Liboi, la kwenda mpakani, linaondoka saa ngapi?" aliniuliza.

Nilikuwa na majibu mengi, mpaka umefungwa, barabara ina watu wabaya, yote kweli, yote yake.

"Saa kumi na moja alfajiri," nikasema, nikainuka kwenda kututafutia mabegi mawili.